Nchi Iliyopewa Pumziko: Historia ya Ngitili za Shinyanga na Fundisho Lake kwa Kanisa

Utangulizi

Kila mwaka, mvua zinapokaribia, sharika zetu nyingi hutenga siku ya kupanda miti. Mchungaji huomba, mgeni wa heshima hushika jembe, kwaya huimba, na miche hutiwa ardhini. Mara nyingi mhubiri hutaja usemi unaodaiwa kuwa wa Martin Luther, juu ya mtu ambaye angepanda mtofaa hata kama angejua kuwa dunia itakwisha kesho. Usemi huo ni mzuri, lakini haujaonekana popote katika maandiko ya Luther. Ushahidi wa kwanza unaojulikana ni wa mwaka 1944, huko Ujerumani, karibu miaka mia nne baada ya kufa kwake.

Nakiri kwamba nami nimehubiri katika siku za namna hiyo, na kuutumia usemi huo. Ninakumbuka usharika mmoja wa nchi kavu ambako tulipanda miche mia kadhaa kwa furaha kubwa. Nilipopita tena baada ya kiangazi, sikuuona hata mmoja uliokuwa hai. Mzee wa kanisa aliyenipokea hakushangaa. Aliniambia kwa upole kwamba mahali pale miti huota yenyewe, ila hairuhusiwi kukua. Maneno hayo yalinifanya nianze kusoma habari za Shinyanga.

Katika makala hii nakusudia kueleza historia ya ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya nchi ili ipumzike, jinsi ilivyopotea na jinsi ilivyorudi. Hoja yangu ni hii: katika nchi ya joto na ukame, msitu hurudi pale wakazi wenyewe wanapokuwa na mamlaka ya kuifunga ardhi yao na kuingoja. Jambo hili lilikuwa la kweli zamani, na sasa, wakati tabianchi inapobadilika, limekuwa la kweli zaidi. Tena lina uzito kwetu sisi watumishi wa Neno, kwa sababu Maandiko yetu yanazo habari nyingi juu ya pumziko la nchi, nasi tumezihubiri kidogo sana.

1. Nchi na desturi yake

Shinyanga iko kusini mwa Ziwa Victoria. Kwa wastani hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, na mvua hiyo huanguka kati ya mwezi wa Novemba na Aprili au Mei. Miezi inayobaki ni ya jua. Hata katika majira ya mvua, mawingu huweza kutoweka kwa majuma kadhaa na mahindi yakanyauka yakiwa yanachanua. Katika nchi kama hiyo mfugaji hana budi kujiuliza mapema: ng'ombe watakula nini mwezi wa Septemba?

Jibu la Wasukuma lilikuwa ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu fulani ya malisho hufungwa. Mifugo haiingii. Nyasi hukua, hutoa mbegu na kukauka zikiwa zimesimama, na miti iliyomo huchipua bila kuliwa. Kiangazi kinapokuwa kikali, malisho ya nje yakiisha na mabua ya mashambani yakiwa yamekwisha kuliwa, ngitili hufunguliwa, mara nyingi sehemu kwa sehemu. Kwanza huingizwa walio dhaifu na wanaohitajiwa zaidi: ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, ng'ombe wagonjwa, na maksai watakaovuta jembe mvua zikirudi. Zipo ngitili za kaya moja, zenye ekari chache karibu na nyumbani, na zipo kubwa za kijiji au za kikundi.

Ngitili haikuwa na ukuta wala seng'enge. Ililindwa na makubaliano. Watu waliijua mipaka yake, na aliyeivunja aliitwa mbele ya wenzake. Mkutano wa jadi uitwao dagashida ndio uliotunga kanuni na kutoza faini, na juu ya yote hayo alikuwako mtemi. Wazee hulihusisha jina hilo na kitenzi kutema, yaani kukata, ama kwa maana ya kufyeka pori ili watu wakae, ama kwa maana ya kukata shauri. Tafsiri zote mbili zafaa kukumbukwa hapa. Aliyekuwa na mamlaka ya kufyeka ndiye aliyekuwa pia na mamlaka ya kuamua wapi pasifyekwe.

2. Jinsi miti ilivyoondoka

Tusidhani kwamba nchi ya Usukuma iliharibiwa na ujinga wa wakulima. Historia yaonyesha hatua kadhaa, na nyingi ziliamuliwa mbali na kijiji.

Hatua ya kwanza ilianza kwa kifo cha ng'ombe. Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukaua sehemu kubwa mno ya mifugo. Mahali ambapo ng'ombe hawakula tena wala watu kulima, vichaka vilisonga mbele, na pamoja navyo mbung'o, wale inzi waletao nagana kwa ng'ombe na homa ya malale kwa watu. Mwaka 1922 homa ya malale iligunduliwa Maswa. Serikali ya Kiingereza iliifanya Shinyanga kuwa kituo kikuu cha utafiti wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Maelfu ya watu walikusanywa kukata vichaka, ili mbung'o akose kivuli. Kazi hiyo iliokoa maisha na kufungua malisho. Lakini ilijenga pia fikra kwamba nchi njema ni nchi isiyo na mti.

Hatua ya pili ilikuwa pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili zao hilo lilienea kwa kasi, na mwaka 1955 wakulima waliunda shirikisho kubwa la vyama vya ushirika, huku Paul Bomani akiwa kiongozi wao mashuhuri. Pamba ilileta fedha, shule na heshima. Ilidai pia mashamba mapya kila mwaka, na fedha zake zilinunuliwa ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe ndiye aliyekuwa benki ya Msukuma. Hivyo shamba lilipanuka na mifugo ikaongezeka, huku malisho yakipungua.

Serikali ya kikoloni iliona hatari hiyo ikajaribu kuizuia. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioendeshwa kati ya mwaka 1947 na 1956, uliwalazimisha watu kulima kwa matuta, kupunguza mifugo na kutii kanuni nyingi za hifadhi ya udongo. Mengi katika kanuni hizo yalikuwa na hekima. Lakini yalikuja kwa amri na faini, nayo yalichukiwa kiasi cha kuipa nguvu siasa ya uhuru. Ndiyo maana TANU ilipigwa marufuku Usukumani tangu mwaka 1954 hadi 1958. Uhuru ulipokuja, watu waliziacha kanuni hizo pamoja na bwana aliyezileta. Hapa pana fundisho ambalo viongozi wa kila aina hulisahau upesi: hifadhi inayolazimishwa huhesabiwa na watu kuwa sehemu ya dhuluma, hata ikiwa na manufaa.

Hatua ya tatu ilikuja katika taifa huru. Mwaka 1963 utawala wa watemi uliondolewa kisheria. Yapo mengi ya haki katika uamuzi huo, lakini pamoja na kiti cha mtemi ilidhoofika pia sauti iliyosema wapi pafungwe. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji viwe karibu. Lakini kaya ziliziacha ngitili zao nyuma, na ardhi iliyoachwa ikawa ya wote, yaani ikawa haina mlinzi. Karibu na vijiji vipya, kwa upande mwingine, kila mtu alikata kuni na kulisha mahali pale pale. Katika miaka michache kazi ya vizazi ilifutika.

3. Gharama iliyolipwa na wadogo

Msitu unapoondoka, hasara haigawanywi sawasawa. Mwenye ng'ombe mia mbili aliweza kuhama. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wa Kisukuma wamesafiri na makundi yao hadi Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero, na huko wamekutana na migogoro mipya na wakulima na wahifadhi. Mwaka 2006 wengi waliondolewa Usangu kwa amri ya Serikali, kwa sababu ya kulinda maji ya Mto Ruaha Mkuu. Wachungaji wa dayosisi za kusini wanaifahamu habari hiyo, kwa kuwa baadhi ya wahamaji hao ni washarika wao. Lakini wachache kati yetu huunganisha mgogoro wa Usangu na mti uliokatwa Meatu au Maswa.

Asiye na ng'ombe alibaki. Mwanamke alitembea mbali zaidi kutafuta kuni, na zilipokosekana kabisa alipikia mabua ya pamba na samadi iliyokauka. Moshi wake ni mkali, nao huharibu macho. Na katika nchi hiyo hiyo, kwa miongo mingi, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na imeelezwa mara nyingi kwamba macho mekundu yalihesabiwa kuwa dalili yake. Sisemi kwamba ukosefu wa kuni ndio uliowaua. Mauaji hayo yana mizizi mingi: hofu, ramli za waganga, tamaa ya urithi, na dhambi ya moyo wa binadamu. Ila yatupasa kuitazama picha hii bila kugeuza uso: bibi kizee aliyepika kwa samadi kwa sababu miti imekwisha, kisha akahukumiwa kwa macho ambayo moshi huo ulimpa. Mtu akiuliza kama hifadhi ya misitu ni jambo la Injili, na asimame kwanza mbele ya bibi huyo.

4. Mpango wa HASHI na kosa lake la mwanzo

Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere alifika Shinyanga, na uharibifu alioukuta ulimsikitisha. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa ufupi kama HASHI, ambao baadaye ulipata msaada wa Norway. Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo ulikuwa mkubwa kuliko wa leo, kwa maana ulikuwa bado na wilaya zilizoingizwa katika mikoa ya Simiyu na Geita mwaka 2012.

Mwanzoni wataalamu walifanya kama tufanyavyo sisi katika siku zetu za kupanda miti. Walijenga vitalu vikubwa, wakaotesha miche, mingi ikiwa ya aina za kigeni, wakaigawa kwa wananchi. Matokeo yalikuwa madogo. Mche katika nchi kavu huhitaji maji ya kumwagilia, na maji ndiyo yaliyokosekana. Huhitaji kulindwa na mbuzi, na mbuzi ni wengi. Zaidi ya hayo, mkulima hakuwa na uhakika kwamba mti utakaokua utahesabiwa kuwa wake.

Sifa ya HASHI ni kwamba ilikubali kujifunza. Wataalamu walianza kuwauliza wazee: zamani mlifanyaje? Wazee wakajibu: tulikuwa na ngitili. Tangu hapo mkazo ukahama polepole kutoka kitalu kwenda kwenye kijiji, na kutoka kupanda kwenda kufunga. Serikali za vijiji, dagashida na ulinzi wa jadi wa sungusungu, ulioibuka katika eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, vilishirikiana kuweka mipaka na kuilinda. Maarifa ya kisayansi hayakutupwa. Yaliwekwa mahali pake, yawe msaidizi wa mamlaka ya wakazi.

Kilichofuata kilizidi matumaini. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 tu hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango ulipokuwa ukielekea mwisho wake wa mwaka 2004, makadirio yalisema zaidi ya hekta 300,000, zikiwa zimeenea katika vijiji 833. Miti iliyosimama humo, migunga ya aina mbalimbali na miti mingine ya asili, kwa sehemu kubwa haikutoka kitaluni. Ilitoka katika mizizi na mbegu zilizokuwamo ardhini muda wote, zikingoja. Uchunguzi uliofanywa wakati huo na Wizara ya Maliasili pamoja na shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, ulikadiria kwamba faida ya ngitili kwa mtu mmoja ilifikia wastani wa dola 14 kwa mwezi, kiasi kilichozidi matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini. Faida hiyo ilikuwa kuni, nyasi za kuezekea, malisho, asali, matunda, dawa na nguzo za kujengea. Wanawake waliokuwa wakienda mbali walizipata kuni karibu.

5. Kisiki na tumaini

Jambo hili halikutokea Shinyanga peke yake. Huko Niger, kusini mwa Jangwa la Sahara, mmisionari kutoka Australia, Tony Rinaudo, alikuwa amepanda miche kwa miaka kadhaa na kuiona ikifa. Mwaka 1983 aligundua kwamba vichaka vidogo alivyokuwa akivipita kila siku havikuwa magugu. Vilikuwa visiki vya miti iliyokatwa, vyenye mizizi hai chini ya mchanga. Alianza kuwashawishi wakulima wachague machipukizi machache katika kila kisiki, wakate mengine, na kuyalinda yaliyobaki. Leo eneo lililorudiwa na miti kwa njia hiyo huko Niger hukadiriwa kuwa hekta milioni 5. Huko pia kizuizi kikubwa kilikuwa cha mamlaka: miti ilihesabiwa kuwa mali ya Serikali, kwa hiyo mkulima hakuona sababu ya kuilinda, hata pale sheria ilipolegezwa na ikawa lazima watu waaminishwe kwamba mti ni wao. Katika miaka ya karibuni njia hiyo imeenezwa pia Dodoma, nayo huitwa kwa Kiswahili Kisiki Hai.

Msomaji wa Biblia hawezi kusikia neno kisiki bila kukumbuka mwisho wa Isaya 6 na mwanzo wa Isaya 11, ambapo mbegu takatifu na chipukizi la Yese hutoka katika kile kilichokatwa. Na katika Ayubu 14 tunasoma juu ya mti ulioangushwa ambao huchipua tena mara unaposikia harufu ya maji. Tuwe waangalifu tunapolihubiri fungu hilo. Ayubu hakulisema kwa furaha. Alilisema kwa uchungu, akiona kwamba mti una tumaini kuliko mtu. Ni Pasaka ndiyo inayompa Ayubu jibu. Hata hivyo ufahamu wake wa mti ulikuwa sahihi: uhai ulikuwamo mizizini kabla mkulima hajafanya lolote. Sisi wa mapokeo ya Luther, tunaofundisha kwamba neema hutangulia tendo, tungepaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Lakini Luther hakufundisha uvivu, na kisiki hakikui mahali ambapo kila mbuzi anapita. Kupokea zawadi ni pamoja na kuilinda.

6. Mlinzi na sabato

Katika Mwanzo 2:15 mwanadamu anapewa kazi mbili katika bustani. Kitenzi cha pili cha Kiebrania ni shamar, yaani kulinda, kitenzi kile kile kitumikacho kwa mlinzi wa mji na kwa mtu anayezishika amri. Mahubiri yetu mengi juu ya kazi yamekaa kwenye kitenzi cha kwanza, cha kulima. Jembe limepata heshima yake. Mlinzi wa ngitili, anayekaa chini ya mti asilime kitu, huonekana kama mtu asiye na kazi.

Mambo ya Walawi 25 huenda mbali zaidi. Nchi yenyewe imepewa sabato. Hii si mbinu ya kilimo tu; ni ungamo kwamba ardhi ina Mwenyewe, nasi tumekaa kwake kama wageni. Tena zingatieni ni nani anayekula katika mwaka wa pumziko. Walawi 25:6-7 hutaja watumwa, wafanyakazi wa kuajiriwa, wageni na mifugo, na Kutoka 23:11 humtaja maskini, kisha mnyama wa porini. Pumziko la nchi katika Biblia lina mlango, na mlango huo hufunguliwa kwa mdogo kwanza.

Kwa kipimo hiki ngitili nayo yapaswa kuhukumiwa, tusiisifu kupita kiasi. Karibu nusu ya eneo lililorudishwa Shinyanga ilikuwa ya watu binafsi. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa aliweza kufunga sehemu kubwa. Asiye na ardhi hakuwa na cha kufunga, akalazimika kununua nyasi au kuomba. Wanawake, ambao ndio waliookoa saa nyingi kwa kuni kuwa karibu, mara nyingi hawakuwa na sauti katika dagashida, ambayo kwa desturi ni baraza la wanaume. Sungusungu, waliolinda miti, waliwahi pia kulaumiwa kwa kuwaadhibu watu bila haki. Kwa hiyo ngitili inaweza kuwa sabato, nayo inaweza kuwa shamba la Nabothi lililopata jina jipya. Tofauti iko kwa nani aliyeketi barazani wakati wa kufunga, na nani anayeingia wakati wa kufungua.

7. Majaribu ya wakati huu

Mpango wa HASHI umekwisha, ila joto linaongezeka. Wataalamu wa tabianchi wanatuonya kwamba katika nchi kavu za Afrika Mashariki joto litazidi kupanda, na mvua zitazidi kutotabirika: kiangazi kirefu kwa upande mmoja, na mvua za ghafla zinazochukua udongo kwa upande mwingine. Nchi iliyofunikwa na nyasi na miti hustahimili hayo vizuri zaidi. Kivuli hupunguza maji yanayopotea kwa jua, mizizi hufungua udongo ili mvua ya ghafla iingie badala ya kutiririka, na miti yenye mizizi mirefu huwa na majani wakati nyasi zimekauka. Kwa hiyo ngitili ni akiba ya mwaka mbaya. Lakini mwaka mbaya ukirudiwa mara mbili mfululizo, akiba huliwa hadi chini, na hapo ndipo kanuni hupimwa. Moto nao huenea upesi katika nyasi kavu, na mkaa unaohitajiwa na miji hulipa leo, wakati mti hulipa baada ya miaka. Ongezeko la watu limefanya baadhi ya ngitili zigeuzwe mashamba.

Msaada wa sheria upo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga na kusimamia msitu wake. Lakini sheria iliyo kabatini hailindi mti. Inahitaji kijiji chenye mpango ulioandikwa, mipaka iliyokubaliwa na majirani, na viongozi wasionunulika.

Jaribu jipya ni biashara ya hewa ya ukaa, ambayo Serikali yetu iliitungia kanuni mwaka 2022. Makampuni hulipa ili miti isimame na kuishika hewa hiyo. Fedha hizo zaweza kujenga zahanati, na si haki kuzikataa kwa hofu tu. Lakini mnunuzi aliye mbali hutaka msitu usiguswe kwa miaka mingi, na uhai wa ngitili uko katika kufungwa na kufunguliwa. Siku kiangazi kitakapowaka na ndama wakawa wanakufa, ni nani atakayeamua kama mlango ufunguliwe? Ikiwa jibu liko katika mkataba ambao mwanakijiji hawezi kuusoma, tutakuwa tumerudi mwaka 1947, tukiwa na hifadhi yenye hekima iliyowekwa na mwingine. Tumeona jinsi ilivyoishia.

Hitimisho

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, huorodhesha vitu vingi vilivyomo ndani ya mkate huo. Miongoni mwake hutaja shamba na mifugo, serikali njema, hali njema ya hewa, na majirani waaminifu. Vijana wetu wa kipaimara huikariri orodha hiyo, lakini ni mara chache tumewaeleza kwa nini hewa, serikali na majirani vimewekwa katika ombi moja. Historia ya Shinyanga ni ufafanuzi wake. Mvua ilikuwa haba tangu zamani. Nchi ilipopoteza miti, ilikuwa imepoteza kwanza makubaliano ya majirani. Na miti iliporudi, makubaliano yalikuwa yamerudi kabla yake.

Basi Kanisa lifanye nini? Kwanza, lianze na ardhi yake lenyewe. Sharika, shule na vituo vyetu vingi vina viwanja ambavyo havijawahi kupimwa kwa Walawi 25. Usharika wa nchi kavu ungeweza, kabla ya kununua mche mmoja, kutembea katika kiwanja chake na kuhesabu visiki vilivyo hai, kisha kufunga sehemu kwa miaka mitatu na kutazama. Pili, linapofungwa eneo, iandikwe mapema ni nani atakayefunguliwa wakati wa njaa, na wajane wawe wa kwanza katika orodha hiyo. Tatu, wachungaji walio vijijini wasione aibu kuketi katika mikutano ya ardhi, hasa mikataba inapoletwa, ili walau mtu mmoja aisome kwa sauti na kuuliza maswali. Nne, mwanafunzi wa theolojia anayekwenda mazoezini katika nchi kavu na awaulize wazee majina ya miti na mipaka ya zamani, ayaandike, kwa kuwa wazee hao wanaondoka.

Siku ya kupanda miti na iendelee pale penye maji. Lakini napendekeza tuwe pia na siku ya kufunga, ambapo washarika wote watatembea mpakani pamoja na majirani wasio wa imani yetu, wakubaliane, waombe, kisha warudi nyumbani bila kupanda kitu. Mgeni wa heshima hatakuwa na jembe la kushika, wala hapatakuwa na picha nzuri ya kupigwa. Itatupasa kungoja miaka kadhaa ndipo tuone kama tuliifanya ibada hiyo kwa kweli.

Mungu aliyeipa nchi sabato yake na atupe sisi saburi ya kuingoja.